Waya Kutoka kwa Kaka

Mafundi wa umeme walipofika kitongojini kwetu Maretadu, kaka yangu ndiye aliyewapokea. Aliwachinjia jogoo, akawakaribisha sebuleni kwake, kisha akawaonyesha mahali pa kusimika nguzo ya mwisho, karibu kabisa na mlango wake. Nyumba ya mama, ambayo mimi pia naishi humo tangu nilipoachana na mume wangu, iko nyuma ya nyumba ya kaka, ng'ambo ya kipande cha shamba la maharage. Mafundi walipopima walisema nyumba ya mama iko mbali, inahitaji nguzo yake. Lakini mradi ulikuwa bado upo kijijini, na tungeweza kuomba nguzo hiyo tuunganishwe kwa bei ya punguzo waliyowekewa watu wa vijijini. Bei yenyewe ilikuwa ndogo kuliko bei ya mbuzi.

Kaka akatuambia, "Msisumbuke. Nguzo ya nini wakati mimi nipo? Nitavuta waya kutoka kwangu, luku tutachangia."

Mama alimshukuru sana. Alimwita "mwanangu mwenye akili." Mimi nilitaka kubisha, nikaona haya, maana nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu nirudi nyumbani na mabegi yangu, na mwanamke aliyerudi nyumbani huchunga mdomo. Mradi ukaondoka, na bei ya punguzo ikaondoka nao. Baadaye nilipokwenda kuulizia luku yetu wenyewe, mita ya kulipia kabla, nilitajiwa gharama ya nguzo, ya waya na ya kuunganishwa, nikaaga nikatoka. Siwezi kusema kaka alipanga hivyo tangu mwanzo. Naamini alipanga, ila sina ushahidi.

Waya ulikuja kwa juu, umeshikiliwa na miti ya mkaratusi aliyoichimbia mwenyewe, ukaingia kwetu kupitia dirisha la jikoni. Tuliwasha taa, tukachaji simu, mama akasikiliza redio yake. Kila mwezi nilimpelekea kaka mchango. Hakuwahi kusema umetosha, wala hakuwahi kusema haukutosha. Aliupokea tu, akauingiza mfukoni, akaniuliza habari za kuku.

Kuku ndio walioniweka mjini, kama watu wasemavyo, ingawa mji wenyewe ni Maretadu. Nilianza na kuku wa kienyeji, nikaingiza chotara, na akiba ilipotosha nikanunua mashine ya kutotolesha vifaranga. Ni sanduku tu, lina trei za mayai na kifaa cha kupasha joto. Huku kwetu baridi haina huruma, na yai likipoa kwa muda mrefu ndio mwisho wake. Kwa hiyo mashine ilikaa imewashwa mchana na usiku. Nilipata wateja mpaka Haydom na Basotu.

Hapo ndipo habari ya bei ilipoingia. Umeme wa majumbani kwetu una madaraja. Anayetumia kidogo yuko daraja la chini, na uniti zake ni rahisi sana. Kwa pesa kidogo anawasha taa mwezi mzima. Akivuka kiwango anahamishiwa daraja la juu, na pesa ile ile inampatia uniti za kuhesabu kwa vidole. Daraja halijali nyumba iliyotumia ni ya nani, linaangalia luku. Na luku ilikuwa ya kaka.

Siku alipohamishwa daraja alikuja kwetu bila hodi. Mimi nilikuwa napepeta maharage uani. Aliweka simu yake mbele ya pua yangu ili nisome ujumbe wa tokeni.

"Soma! Pesa ile ile ya siku zote. Uniti ziko wapi?"

"Shikamoo, kaka."

"Sitaki shikamoo yako. Mashine yako imenitoa daraja. Izime."

"Ina mayai ndani."

"Kuku si bado wapo? Watage mengine."

Nilimwambia nitaongeza mchango, na kuanzia mwezi ule nikauongeza maradufu. Haikusaidia. Kaka alikuwa amegundua kitu kitamu kuliko pesa. Swichi kubwa ilikuwa ukutani kwake, na ndani yake kulikuwa na kitufe kidogo cha kwetu. Nisipokwenda kuvuna mahindi yake, kwetu giza. Mama alipouza mbuzi wake bila kumwambia, giza. Tukikaa gizani muda, mke wake anakuja. Mke wa kaka ni wifi yangu, mwanamke mpole wa sauti ndogo, anasimama mlangoni amekunja mikono: "Wifi, mwenzangu anasema mje mzungumze." Tunakwenda. Mama, aliyemzaa, anakaa kwenye kigoda mbele ya mwanawe na kuulizwa kwa nini hakushirikisha watu. Kisha tunarudi, na taa zinawaka kabla hatujafika mlangoni. Siku ya mnada alikuwa anajisifu mbele ya watu kwamba anawasha nyumba mbili peke yake.

Macho ya mama yalizidi kuwa na ukungu, nikampeleka Haydom hospitali akafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Mashine ilikuwa imejaa mayai, yamebakiza siku chache kuanguliwa. Yote yalikuwa ya mteja mmoja, mama wa Basotu aliyekuwa ameagiza mapema akanitumia nusu ya malipo. Nilimwachia wifi kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia maji tu na kutofungua mlango ovyo. Tulikaa Haydom zaidi ya tulivyotarajia kwa sababu ya foleni, tukarudi na basi, mama ana kitambaa jichoni na furaha tele kwamba ameshaanza kuona vidole vyake.

Nilimkalisha kitandani, nikaenda chumba cha mashine. Nilijua kabla sijafungua, maana ile mashine huwa inavuma taratibu, na chumba kilikuwa kimya. Niligusa yai. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilipasua moja, nikapasua la pili. Vifaranga walikuwa wamekamilika, wana manyoya, wana midomo, wamejikunja shingo chini ya bawa tayari kwa kutoka.

Wifi alikuja akasimama nyuma yangu.

"Umeme ulikatika," alisema.

"Kijiji kizima?"

Aliinama kuokota maganda ya mayai.

"Wifi, nakuuliza. Ulikatika kijiji kizima, au ulikatika kwetu?"

Akaanza kulia. Alisema kaka amesikia kwamba mtu akikaa miezi kadhaa anatumia kidogo, anaweza kurudishwa daraja la chini. Aliona kwa kuwa sisi hatupo, hiyo ndiyo nafasi ya kuanza. Wifi alimkumbusha kuhusu mayai. Akajibu mayai si yake.

Nilivuka shamba la maharage nikiwa na trei mkononi. Kaka alikuwa anakula. Niliiweka ile trei mezani kando ya ugali wake.

"Toa uchafu huu," alisema.

"Hawa ni vifaranga wa watu."

"Luku ni yangu. Nazima nikitaka, nawasha nikitaka. Ukitaka umeme wa kwako ungebaki kwa mume wako. Mwanamke amerudishwa, bado anataka kutawala nyumba za watu!"

Sitaandika nilichomjibu. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamaliza kwa Kiiraqw, na nilipotoka majirani walikuwa wamesimama barabarani. Tangu siku ile sijampa shikamoo. Ni kaka yangu mkubwa, amenibeba mgongoni nikiwa mtoto, na najua watu wananisema kwa hilo. Waseme.

Simu isingetosha kumwomba radhi mteja wangu. Nilikwenda Basotu mwenyewe, nimebeba tetea wawili wa kumpoza. Alikuwa mjane wa makamo, anafuga kuku na kukaanga samaki wa ziwani, na kwao nguzo zilikuwa hazijafika. Nilikuta taa zinawaka, redio inaimba, na kwenye kona ya chumba mashine ndogo ya kutotolesha kama yangu, imeunganishwa na betri.

"Mbona una mashine, na vifaranga uliagiza kwangu?" nilimuuliza.

"Yangu ni ndogo, na mayai mazuri ni yako," alisema. "Kwani wewe huna sola?"

"Mimi nina umeme."

"Una umeme, halafu mayai yameoza?"

Nilimweleza yote. Aliwapokea tetea, akanisamehe pesa bila maneno mengi, kisha akanitoa nje kunionyesha paneli zake. Aliniambia alizichukua kwa mkopo wa kulipa kila mwezi. Kampuni inafunga kifaa kwa mbali mtu akichelewa. Msimu mmoja samaki walipokuwa adimu alichelewa, taa zikazimika zote, na aliyezizima alikuwa mjini, hamjui kwa sura.

"Ukiweza, nunua yako ya kulipa mara moja," alisema. "Hii ya mkopo ni kama kukaa kwa shemeji."

Nililibeba neno hilo ndani ya basi, tunapita mashamba ya ngano, mpaka nikafika nyumbani. Nilimwambia mama nataka kuuza ng'ombe wangu mtamba. Si kwamba nililipenda jua. Kama ningekuwa na luku yangu, umeme wa daraja la chini ulikuwa rahisi kuliko sola yoyote niliyoulizia, na ningebaki nao mpaka nizeeke. Lakini nilikuwa nimechoka na swichi iliyo mkononi mwa mtu mwingine, na uchovu huo nao una bei yake. Mtamba akaenda mnadani.

Muuzaji wa sola Haydom alinieleza kwamba paneli zimeshuka bei, betri ndizo zinaumiza. Akasema tukinunua kama kikundi anatushushia zaidi na kutuletea mpaka nyumbani bila nauli. Nilirudi nikakishawishi kikundi chetu cha wanawake cha kuweka na kukopa. Wengine walikuwa na umeme wa nguzo na hawakutaka kusikia: "Bei hii ya uniti, sola ya nini?" Walikuwa na haki. Walioingia ni wale wa mbali na barabara, ambao nguzo hazikuwafikia, na mmoja aliyeogopa kuvuka kiwango cha uniti kwa sababu ana friji ya maziwa. Tulipata punguzo.

Fundi alipofika na paneli, kaka alikuwa ameshasikia. Alisimama chini ya ngazi.

"Hakuna kupanda hapo. Bati hili ni la baba."

Fundi akasita, mguu mmoja kwenye ngazi. Nikamwambia apande. Kaka akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Nyumba hii nitairithi mimi. Sitaki itobolewe misumari na mtu wa kupita."

"Mtu wa kupita ni nani?" nilimuuliza.

"Wewe. Kesho unaolewa tena, unatuachia bati linavuja."

Tulikuwa tumeshaanza kuvutana ngazi mbele ya fundi wa watu, mama akatoka. Jicho lake jipya lilikuwa linamuuma kwenye mwanga, akalifunika kwa kiganja, akamtazama mwanawe kwa lile lingine.

"Bati ni la nani?"

"La baba, mama."

"Baba yako alitaka kuezeka nyasi tena. Alisema bati lina kelele wakati wa mvua. Bati hili ni maharage yangu. Nililima mwenyewe, nikapeleka Dongobesh kuuza, nikarudi na mabati juu ya trekta la watu. Wewe ulikuwa unatambaa."

"Lakini mimi ndiye mrithi."

"Utarithi nikifa. Nimekufa?"

Kaka aliachia ngazi. Fundi akapanda haraka kama mtu anayekimbia mbwa. Mama alileta kigoda chake, akakaa pale pale chini ya ngazi hadi msumari wa mwisho. Kaka naye alikwenda kwake akarudi na koleo, akaukata ule waya wake katikati, ukadondoka kwenye maharage. Hakuufungua kama mtu anayeondoa kitu chake apate kukitumia tena. Aliukata.

"Sasa tuone," alisema.

Tuliona. Mashine ilivuma. Taa ziliwaka, si kali kama zile za nguzo, lakini ziliwaka tulipotaka. Nilitotolesha mzigo wa kwanza nikampelekea mama wa Basotu vifaranga wake wote bila nyongeza ya bei.

Kaka alikuwa anangojea arudishwe daraja la chini. Alitangaza kwa kila mtu kwamba kupe ametoka mgongoni, sasa uniti zitakuwa rahisi. Ulipita mwezi, ukapita mwingine, na mwingine. Kila aliponunua tokeni nilimsikia anafoka uani kwake, nami nilisogea karibu na ua nipate kusikia vizuri. Alimlaumu wifi kwa kupiga pasi. Alimnyang'anya jagi la kuchemshia maji. Wakawa wanalala taa zimezimwa mapema kuliko enzi za koroboi. Bado uniti zilikuwa zinakwenda kama maji kwenye chekecheo. Akaanza kusema nimemroga. Mwenyekiti wa kitongoji, baba yetu mdogo, aliitwa kunisikiliza. Nilimuuliza kama kuna uchawi wa luku, akacheka, kaka akanuna.

Mvua zilipokaribia, mama alimwajiri jirani mwenye maksai atulimie kile kipande cha maharage kilicho kati ya nyumba zetu, ambacho tulizoea kukilima kwa jembe la mkono. Ilikuwa asubuhi yenye jua. Mimi nilikuwa nafuata nyuma ya plau nikifukua magugu kwa jembe. Kaka alikuwa kwake, redio yake imefunguliwa juu. Duka la rafiki yake, lililo upande wa chini wa shamba letu, nalo lilikuwa linapiga muziki wake.

Plau ilikwama. Jirani akaisukuma, akawapigia kelele maksai, wakavuta kwa nguvu. Pakatokea mlio kama wa kuni mbichi motoni, na cheche zikaruka kwenye udongo. Jirani aliachia mpini akaanguka chali. Maksai walitimka na plau hadi mgombani.

Na papo hapo redio ya kaka ikanyamaza, na muziki wa dukani ukanyamaza.

Nilimkimbilia jirani. Alikuwa mzima, anatetemeka, anamtaja Mungu. Kisha nikatazama mahali plau ilipopita. Waya mweusi mnene ulikuwa umefukuliwa, umechunwa ganda, unatoka upande wa nyumba ya kaka, unapita chini ya maharage ya mama, unaelekea dukani.

Mwenye duka alitoka kwanza. Hakuwa ameona kitu.

"Mzee!" alimwita kaka kwa sauti. "Mbona umeme umekatika? Friji zangu zina soda na nyama!"

Kaka alitoka mlangoni kwake. Akamwona rafiki yake, akaniona mimi, akamwona jirani amekaa chini ameshika kifua, akauona waya. Sijawahi kuona mtu mzima akitafuta pa kuweka uso wake namna ile.

Mama alikuja taratibu kwa fimbo yake. Aliinama, akautazama waya bila kuugusa.

"Huu unakwenda wapi?"

Wifi ndiye aliyesema, kutoka mlangoni kwake, kwa ile sauti yake ndogo.

"Unakwenda dukani, mama. Una zaidi ya mwaka. Anamlipa kila mwezi."

"Nyamaza wewe!" kaka alimfokea.

"Sinyamazi. Mtu nusura afe."

Kumbe friji mbili za duka zilikuwa zinakula luku ile ile usiku na mchana, tangu kabla mashine yangu haijafika. Kaka alikuwa anapokea pesa ya rafiki yake, anapokea mchango wangu, na lawama zote ananitupia mimi. Mayai yangu yalizimwa ili friji za soda ziendelee kupoa. Nilitamani kumpiga. Nilikuwa na jembe mkononi, na nakumbuka nilivyolipima uzito. Mama aliona. Alinyoosha mkono, akalichukua.

Kisha akamwambia kaka, "Huyu jirani ana watoto wadogo. Kama angekufa kwenye shamba langu, ningewaambia nini? Utaung'oa wote leo, mwisho hadi mwisho. Na kipande hiki cha shamba usikanyage tena bila kuniomba."

"Mama, tuzungumze ndani."

"Tumezungumza ndani mara nyingi, wewe ukiwa kwenye kiti na mimi kwenye kigoda."

Waya uling'olewa siku hiyo hiyo. Mwenye duka alivuta luku yake ya biashara kwa bei yake ya biashara, na urafiki wao ukaishia hapo. Jirani alilipwa plau yake iliyoharibika, na baba mdogo alihakikisha imelipwa. Mimi sikulipwa mayai. Baba mdogo alilitaja jambo hilo kwenye kikao, kaka akasema ataangalia. Bado anaangalia.

Hata hivyo friji zilipotoka, kaka hakushuka daraja mara moja. Nyumba yake ni kubwa, watoto wake wana televisheni, wana pasi, wana kila kitu, na alikuwa anaelea juu kidogo ya kiwango. Hapo akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanunua sola. Alinunua ndogo, ya taa na televisheni tu, ili luku ibaki na vitu vichache na asivuke tena. Ndiye yule yule aliyeishika ngazi ili paneli zangu zisipande. Bei ya uniti ilimfundisha kile ambacho dada yake hakuweza kumfundisha kwa kilio wala kwa matusi. Alimtumia fundi yule yule. Paneli zake ziliwekwa upande wa pili wa paa ili nisizione, lakini jua halina siri, na fundi wetu anapenda kusema.

Wiki iliyofuata fundi alinijia na taa ndogo ya sola, mpya, kwenye boksi.

"Hii ni yako. Ofisini wanatoa zawadi kwa anayeleta mteja."

"Mimi sijaleta mteja."

"Kaka yako. Walimuuliza amejulia wapi habari zetu, akasema ameona kwa dada yake."

Nilicheka mpaka mama akatoka kuniuliza kulikoni. Kabla ya jioni kaka alikuwa mlangoni. Safari hii alipiga hodi.

"Nasikia umepewa taa."

"Nimepewa."

"Pesa ni yangu. Mteja ni mimi. Hiyo taa ni yangu."

"Ungesema umeona kwa jirani."

"Unanufaika kwa jina langu!"

"Kidogo," nilimwambia. "Wewe ulinufaika kwa langu zaidi ya mwaka."

Alisimama pale, taya zinamcheza. Nilidhani atapita aichukue kwa nguvu, nami nilikuwa tayari. Badala yake alimwita mama. Mama akajibu kutoka ndani kwamba amelala, ingawa tulikuwa tunamsikia akipeta mchele. Kaka aliondoka. Taa niliifunga nje ya banda la kuku, upande wa dirisha la chumba chake. Siku chache baadaye wifi alikuja kuniomba niigeuze, mumewe hapati usingizi. Kwa ajili yake niliigeuza, si sana.

Sasa kaka amerudi daraja la chini. Ananunua tokeni mara moja moja na sauti yake haisikiki tena uani. Mimi ninahangaika mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka milimani na kukaa siku nzima, betri haijai, nalazimika kuweka jiko la mkaa chumba cha mashine na kufungua dirisha ili moshi usituue. Mwaka huu nilipoteza karibu nusu ya mayai. Nilikuwa natazama ng'ambo, nyumbani kwake taa zote zinawaka kwa bei ya bure, na nikamchukia kuliko siku ile ya trei.

Alimtuma wifi aseme kama nataka kuunganisha mashine mpaka ukungu upite, hana neno. Nilimwuliza wifi kama hayo ni maneno ya kaka au ni yake mwenyewe. Akasita, akasema ni ya kaka, ila yeye ndiye aliyeyaanza. Nilimkaribisha chai, tukanywa, tukazungumza habari za watoto wake. Jibu sikumpa. Alipoaga nilimpa vifaranga watano katika wale walioanguliwa, nikamwambia ni wake yeye, awafungie mahali pake, na kaka asiwaguse.

Jumapili tunakutana kanisani, mama anakaa katikati yetu. Wakati wa kupeana amani, kaka anageukia upande wa pili, nami nageukia wa kwangu. Mama anatupa mikono yake yote miwili kwa pamoja, mmoja huku, mmoja kule, anatushika kwa nguvu ambazo mwanamke wa umri wake hapaswi kuwa nazo. Mpaka leo hajafaulu kutuvuta tugusane.